Punda Aliyejaza Kikapu

Hadithi yangu ya kwanza ya Kiingereza, yenye sentensi sita na nukta sita, ilinigharimu nazi mia mbili na nne, tetea mmoja wa bibi, na kofia yangu ya Idi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili zilitoka nazi mia mbili na sita, lakini zile mbili za ziada nadhani zilichukuliwa na tumbili njiani, na tumbili humshitaki popote, basi tuziache.

Hesabu hiyo imenirudia juzi nilipokwenda Kiegeani kwenye harusi ya watu. Wali ulichelewa, na mimi nikicheleweshewa wali huwa natembea, maana nikikaa nitaanza kuhesabu masufuria na wenye harusi hawapendi. Nikapita mahali palipokuwa duka. Kuta za mawe na chokaa zimebaki kimo cha goti. Mpapai umeota pale palipokuwa na mizani, tena mpapai dume, hauna hata faida. Na ile baraza ndefu, iliyokuwa inang'aa kwa kukaliwa, imebaki kipande cha kutosha watu wawili wanaopendana. Nikakaa peke yangu. Usinicheke, ndugu yangu, lakini nilisikia kabisa kalamu za jiwe zikikwaruza vibao vya jiwe, sauti ile iliyomfanya paka wa mwenye duka ahamie nyumba ya nne.

Ulikuwa wakati Mjerumani ameondoka na Mwingereza ameingia. Sisi watoto hatukuulizwa rai yetu. Tuliona tu kwamba bendera ya bomani imebadilika, na kwamba Kilindoni kulikuwa na ndege za kuruka ambazo bibi yangu alikataa kutoka ndani kuzitazama, akisema kitu kizito kikipanda juu kitashuka, na hataki kiwe juu ya kichwa chake. Wakubwa walikuwa na mambo yao mazito ya vita. Sisi tulikuwa na Mwalimu.

Alitoka Unguja. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani kwenye meli ya Waingereza, kazi ya kuhesabu magunia yanayopanda na yanayoshuka, na hapo ndipo alipookota Kiingereza chake, gunia kwa gunia. Alivaa kanzu na koti la kahawia lililopungukiwa vifungo viwili, na mahali pa vifungo alichomeka vijiti vya kuchokolea meno. Sanduku lake lilikuwa na vibao vya jiwe vyeusi kumi na vitatu, chaki zilizovunjika, na karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Vilivyobaki vilikuwa mizigo.

Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, kama kila mtoto wa Kiislamu, tukiyumbayumba na kuimba herufi. Baada ya adhuhuri tukala, kama kuna muhogo wa nazi tukala muhogo wa nazi, na kama kuna pweza basi siku hiyo tulichelewa. Kisha waliolipiwa walikwenda barazani kwa Mwalimu. Nasema waliolipiwa kwa sababu bibi yangu alilipa, na alilipa kwa namna yake.

"Nazi nane kwa wiki," Mwalimu alisema siku ile nilipopelekwa.

Bibi alinishika kichwa akakigeuza kama mtu anayekagua tikiti maji. "Kichwa chake mwenyewe unakiona kilivyo kidogo. Hakitaingia vingi. Nazi tano."

"Bibi, kichwa kidogo ndicho kazi. Vitu vinamwagika. Nane."

"Sita. Na ukiniharibia mjukuu wangu unanirudishia kama nilivyomleta."

"Nani atajua alivyokuwa?"

"Mimi. Nimemkagua sasa hivi mbele yako."

Wakakubaliana sita. Tetea alikuwa juu ya hapo, wa kunikabidhi mkononi mwa Mwalimu, kama ilivyo desturi chuoni. Kofia haikuwamo kwenye makubaliano. Hiyo niliimaliza mwenyewe kwa kufutia kibao.

Lakini usidhani bibi alikuwa na mapenzi na Kiingereza. Alikuwa na hofu ya bahari. Mjomba wangu alikuwa kila msimu anakwenda dago Shungimbili, kule kwenye kijisiwa cha mchanga wanakopiga kambi wavuvi, na alikwishasema kwamba nimefika umri wa kwenda naye, niwapikie wavuvi na kugeuza samaki juani. Mimi baharini nilikuwa natapika kabla nanga haijang'olewa. Mjomba alisema kutapika ni ada ya kuingilia, ukishalipa unazoea. Nilikuwa nimelipa mara nyingi na sikuona risiti. Basi bibi akamwambia mjomba: mtoto anasoma Kiingereza, na maadamu shule ipo, haendi. Shule ikifungwa, mchukue. Hayo yalikuwa maneno ya watu wazima na hayakurudi nyuma. Kwa hiyo ndugu yangu elewa: wenzangu kumi na wawili walisoma Kiingereza ili wajue Kiingereza. Mimi nilisoma ili nibaki nchi kavu.

Na shule ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Baraza ilikuwa ya mwenye duka. Alikuwa mtu wa asili ya Kimanga, Mwarabu mpole, ndevu zimepakwa hina, na ghala lake la mbata, zile nazi zilizokaushwa, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kila siku alikuwa anapita katikati yetu akiipima baraza kwa macho. Mwishowe akamwambia Mwalimu wazi:

"Mwalimu, mimi sina neno na elimu. Lakini elimu hainyeshewi. Mbata zinanyeshewa. Nahitaji baraza yangu."

Mwalimu akamwomba subira mpaka Bwana wa bomani, yule Mwingereza, aje. Bwana huyo alikuwa ameleta habari kwamba baada ya Idi atapita vijijini kutazama shule, na akiiona shule inafaa ataiandikisha, itapata chaki na vibao, na Mwalimu atapata mshahara. Mwenye duka akafikiri, akavuta ndevu. Akasema: "Vizuri. Bwana akiridhika, baraza ni yenu. Asiporidhika, siku hiyo hiyo naweka magunia." Wakapeana mikono mbele yetu. Nami nikaanza kunusa samaki wakavu mahali ambapo hapakuwa na samaki.

Habari zilikuja kwamba Bwana ana mtihani mmoja tu anaoupenda. Hataki watoto waimbe, hataki wahesabu mpaka mia. Anataka wapewe picha, waziangalie, waandike hadithi fupi kwa Kiingereza, kila mtoto kwa akili yake. Mwalimu aliposikia hivyo alicheka kwa furaha, akaifungua ile karatasi yake kubwa na kuibana kwenye mlango wa duka kwa miiba ya mlimau.

Picha zilikuwa nne, zimepangwa mstari mmoja, za rangi. Sijaona rangi kama zile hadi leo, na nimeona vitenge vingi. Mlikuwa na mvulana mnene mwenye mashavu mekundu, ambaye sote tulimwonea huruma tukidhani ana surua. Mlikuwa na kikapu. Mlikuwa na punda. Na mlikuwa na matunda mekundu ya duara ambayo Mwalimu aliyaita apo. Hakuna aliyewahi kuona apo. Tulibishana siku mbili, tukakubaliana kwamba ni mapera yaliyoiva kupita kiasi.

Mwalimu alitufundisha kwanza majina. Alikuwa anagusa kwa fimbo. Boi! Baskiti! Donki! Tukapaza sauti mpaka wateja wa mwenye duka wakaanza kuagiza chumvi kwa kupiga kelele. Kisha akatufundisha vitendo: analia, analala, anakuja, anatia, anafurahi. Kisha akasema: "Sasa nanyamaza. Hadithi iwe yenu. Bwana akinusa kwamba nimewasaidia hata neno moja, tumekwisha."

Akanyamaza kweli. Alikuwa anapita nyuma yetu, anasahihisha herufi tu, mikono nyuma, akinuka karafuu. Na sisi tukaandika. Jua lilikuwa linaingia barazani kwa pembe, chaki inatuingia puani, na kutoka ndani ya duka inakuja harufu ya mbata na mafuta ya taa. Mtoto wa seremala, aliyekuwa anakaa ubavuni mwangu, alikuwa anatoa ulimi nje kila akiandika herufi yenye mkia. Ukitaka kujua kama yuko kwenye neno refu, ulimtazama ulimi.

Hadithi yetu ilikuwa hivi. Mvulana analia, kikapu chake kitupu. Amelia mpaka amechoka, akalala chini ya mti. Akaja punda, akatia mdomo kikapuni, akatia mapera. Mvulana akaamka. Kikapu kimejaa. Mvulana akafurahi sana.

Nilipomsimulia bibi jioni, nikimkunia nazi na yeye anasuka ukili wa mkeka, aliacha kusuka. "Huyo punda ana mwenyewe?"

"Picha haikuonyesha, bibi."

"Basi muulize Mwalimu. Mwenye punda asije akatokea akadai mapera yake, na mtoto wa watu ameshakula."

Jirani yetu, ambaye alikuwa na punda wawili wa kubebea mbata, alisikia kutoka upande wa pili wa ua. Akaegemea makuti. "Hadithi ya wapi hiyo?"

"Ya Kiingereza," nikasema.

"Anatia? Punda anatia? Wangu hawa tangu nizaliwe wanatoa tu. Jana wamekula kofia ya mgeni." Akawatazama punda wake kwa uchungu. "Waambie Waingereza nawapa hawa wawili, wanipe yule mmoja. Na nyongeza sitaki."

Hadithi hiyo ilienea. Kabla ya Idi, kila nyumba Kiegeani ilikuwa inaijua. Akina mama kisimani walikuwa wanaulizana kama punda wa kutia amepita kwao, na aliyekuta mtungi wake umejaa maji ya mvua alisema amepita. Sisi kumi na watatu tulitembea kama watunzi.

Idi ikapita. Siku ya Bwana ikafika.

Alikuja kwa miguu kutoka Kilindoni, na askari mmoja aliyebeba kiti. Alikuwa mrefu, uso umeungua jua mpaka umefanana na yule mvulana wa picha, na hapo ndipo tulipoacha kuamini habari ya surua. Kiswahili alikijua, cha Mombasa, kikavu lakini kinaeleweka. Mwenye duka akampa dafu. Bibi yangu alikuwa ameketi pembeni na sinia la vitumbua, alikuja kuuza, hivyo alivyosema, ingawa siku ile hakuuza kimoja maana hakuwa akitazama sinia.

Tukasema shikamoo sote kwa pamoja. Akasema marahaba, akajifuta jasho, akasema tuanze.

Tuliandika. Sijawahi kuandika vizuri vile tena, hata kwenye hati ya ardhi. Mtoto wa seremala alitoa ulimi mpaka mwisho. Tukamaliza, Bwana akainuka kutoka kitini akapita kibao kwa kibao. Kibao cha kwanza alikunja uso. Cha pili akarudi kutazama cha kwanza. Cha tatu akaitazama karatasi mlangoni. Alipofika kwangu, ambaye nilikuwa wa saba, alikuwa hasomi tena. Alikuwa anahakikisha.

"Mwalimu," alisema, "hadithi hii imekosewa."

Mwalimu akasogea. "Herufi, Bwana?"

"Herufi nzuri. Hadithi imekosewa. Picha zinasema mtoto ana kikapu kimejaa. Analala. Punda anakuja, anakula matunda yote. Mtoto anaamka, analia. Ni fundisho. Usilale kazini." Akanyoosha mkono kuonyesha vibao vyote. "Na hawa wote kumi na watatu wamekosa kosa moja. Mtoto mmoja akikosea, sawa. Kumi na watatu wakikosea kitu kimoja, mtu mmoja amewaandikia. Umewakaririsha."

"Wallahi, Bwana, sikuwapa hata neno."

"Basi wamelipata wapi?"

Mwalimu aliitazama ile karatasi yake, aliyotembea nayo kutoka Unguja, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina mlango. Nilikuja kuelewa baadaye: na yeye pia alikuwa anamjua punda yule yule. Miaka yote alikuwa anamjua wa kutia. Chaki ikamkatikia mkononi.

Mwenye duka akakohoa kidogo. Hakuwa mtu mbaya, lakini mkono wake ulikwisha mwashiria kijana wa dukani, na yule kijana akatoka na gunia la kwanza la mbata, akaliweka taratibu, kwa adabu, pembeni kabisa ya baraza. Gunia moja tu. Mimi nililitazama lile gunia nikaanza kuhesabu wavuvi nitakaowapikia Shungimbili.

Bwana alikuwa hajafunga bado kitabu chake cha kuandikishia shule. Nadhani alikuwa mtu wa haki, au alikuwa hajamaliza dafu. Akafungua mkoba, akatoa gazeti la kwao lililofungiwa mkate, akapangusa makombo, akalibandika juu ya karatasi ya Mwalimu. Palikuwa na picha nne ndogo, nyeusi na nyeupe, za mtu mwenye mwavuli.

"Hizi hamjaziona. Mwalimu hajaziona. Mwalimu, nenda kule kwenye mnazi, geuka, tazama mnazi. Nyinyi andikeni."

Mwalimu akaenda kuutazama mnazi. Nakuambia nimeona watu wengi wakitazama minazi, kazi ya nchi hii ni hiyo, lakini sijaona mtu akiutazama mnazi namna ile.

Tukaandika. Safari hii maneno yalikuwa haba, kila mtu akafanya na aliyonayo. Mwavuli tuliujua kwa sababu mwenye duka alikuwa nao. Upepo tuliujua. Mmoja aliandika sentensi tatu, mwingine mbili na nusu. Mimi niliandika kwamba mtu amelowa, ametoka nyumbani, ameukuta mwavuli kwenye maji, upepo umemletea mkononi, amekwenda zake mkavu.

Bwana akasoma. Vibao havikufanana maneno hata viwili. Lakini katika vyote kumi na vitatu, mtu yule alianza amelowa na akaishia mkavu. Bwana akavua kofia akajikuna kichwa.

"Wewe," akaniambia. "Simama. Nisomee kwa Kiswahili, na uonyeshe picha kwa kidole."

Nikaenda mlangoni, nikaweka kidole kwenye picha ya kwanza. "Huyu mtu amelowa..."

"Ngoja. Kwa nini unaanzia mwisho?"

"Siyo mwisho, Bwana. Ndiyo mwanzo."

"Mwanzo uko huku." Akagonga upande wa kushoto.

Nikamtazama. Nilidhani ananitega. "Huko ni kushoto, Bwana. Kusoma kunaanzia kulia. Chuoni tunaanzia kulia."

"Lakini Kiingereza chenu mmekiandika kuanzia kushoto!"

"Maandishi ni yenu, Bwana, yakaenda kwenu. Picha haikusema ni ya nani."

Punda mmoja wa jirani alikuwa anatafuna kitu mahali fulani nyuma ya duka. Kisha kule kwenye mnazi, Mwalimu, ambaye alikuwa bado ameugeukia kama alivyoamriwa, akajipiga paji la uso kwa kiganja, pah, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka mpaka alipogeuka. Bwana alianza kucheka kwa pua, akijizuia, kisha akashindwa, akakaa kitini, akasema, "Mwavuli unarudi! Mwavuli unamrudia!" mpaka askari naye akacheka bila kuelewa, kwa nidhamu.

Mwenye duka peke yake hakucheka. Akauliza swali la kiume: "Samahani, Bwana. Umeridhika au hukuridhika? Nina mbata, na jua linazama."

"Hawakukariri," Bwana alisema akipangusa macho. "Wanaandika. Ila hadithi zao zinakwenda kinyumenyume."

"Hiyo ni ndiyo au siyo?"

Bwana akasita, na katika kusita kwake nikaliona gunia la pili mlangoni. Hapo bibi yangu akaweka sinia chini. Hakuwahi kuzungumza na Mzungu, na siku ile pia hakuzungumza naye. Alizungumza na mwenye duka.

"Bwana mkubwa wa duka, nikuulize kitu. Wewe ni mtu wa biashara. Ukipewa hadithi mbili uzitundike kwenye mlango wa duka lako, moja kikapu kimejaa kinakwisha, moja kikapu kitupu kinajaa. Utatundika ipi?"

Mwenye duka akaitazama karatasi. Akautazama mlango wake. Akashika ndevu. "Ya kujaa," alisema taratibu.

"Basi hiyo ndiyo wanayosoma watoto mlangoni kwako kila siku, tena kwa sauti. Na wewe unataka kuwafukuza uweke magunia? Mbata zako tutazijengea banda. Makuti tunayo, nguzo tunazo, wazazi kumi na watatu wapo. Ijumaa baada ya sala."

"Banda la vyumba viwili," mwenye duka akasema.

"Kimoja."

"Kimoja na nusu, na mlango."

"Mlango alete fundi seremala, mtoto wake yuko hapa anasoma."

Mwenye duka akamtazama Bwana. Bwana, aliyekuwa amefuatilia biashara ile akigeuza kichwa huku na huku, akasema, "Ndiyo. Nimeridhika," akaandika. Yule kijana wa dukani akalibeba gunia lake akalirudisha ndani. Mimi nikatapika, nchi kavu, nyuma ya duka, kwa raha tupu. Mjomba alipoambiwa alisema nimepoteza ada bure.

Banda lilijengwa Ijumaa ile, kwa ubwabwa na samaki wa kupaka na kelele nyingi, na likawa na vyumba viwili, maana mwenye duka alikaa hapo hapo akiwapa mafundi kahawa kila walipotaka kuacha. Chaki kutoka bomani zilikuja maboksi mawili, moja limevunjikavunjika lote. Vibao havikuja. Na Mwalimu, siku iliyofuata, alichora kwa mkaa mshale mrefu chini ya zile picha, kutoka kushoto kwenda kulia, akatwambia tuandike upya, sahihi.

Tukaandika sahihi. Mvulana ana mapera. Mvulana analala. Punda anakula. Mvulana analia. Sikia ndugu yangu, darasa zima lilinuna. Mtoto wa seremala hakutoa ulimi hata kidogo. Mwalimu alisoma vibao vyetu kumi na vitatu, vyote sahihi, akavirudisha polepole, akasema, "Haya. Mmejua. Sasa futeni," na baada ya hapo hakutuuliza tena habari za punda yule.

Mwalimu alirudi Unguja mimi nikiwa nimeshaota ndevu mbili tatu. Shule ilikwisha hamia jengo la bati, yenye mwalimu mwingine na vitabu vyenye namba za kurasa, na hakuna aliyepotea njia tena. Ile karatasi aliniachia mimi, kwa nazi kumi. Aliomba ishirini. Bibi hakuwepo tena kunisaidia, nilipatana mwenyewe, na nilipofika nyumbani nilijua kwamba angeniachia bure kama ningenyamaza. Mwenye duka amekwenda, jirani amekwenda, punda wake pia. Wanaosuka ukili jioni huku wanamsikiliza mtoto anayekuna nazi, sijui kama wapo. Mtoto wa seremala alikufa hajaacha ule ulimi.

Karatasi nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku, na mchwa wameila kutoka pande zote mbili, kwa usawa, kama wamegawana urithi. Picha ya kwanza imeliwa na ya mwisho imeliwa, moja ya katikati imefifia haionyeshi kitu, na mshale wa mkaa umeliwa wote. Imebaki ile nyingine ya katikati: mvulana amelala, punda ameinama, mdomo umo ndani ya kikapu, na kikapu kimejaa nusu.

Sasa mwalimu wa shule ya hapa, binti mdogo, ananiomba nimwazime kwa ajili ya darasa lake la tatu. Anasema watoto wataitazama na kuandika hadithi, lakini lazima yeye awe na jibu lililo sahihi la kusahihishia, na jibu nimpe mimi, maana mimi ndiye pekee niliyeziona zile nyingine. Nimemwahidi kesho asubuhi. Nimeitazama picha hii tangu alasiri, karibu na mbali, kwa miwani na bila miwani. Nishauri, ndugu yangu, na ushauri wako nitaulipa kwa dafu moja, mawili ukinibana: nimwambie punda huyu anatoa, au anatia?